Sura ya Sita: Vikuku Kutoka Ijwi

"Mama amesema wazee wasiende kwenu kuposa."

Eliezer alisema hayo macho yake yakiwa kwenye wavu. Wavu wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, ulikuwa umetandazwa kwenye nyasi za ufuko wa Rubona ili ukauke, naye alijifanya anatafuta mahali palipotoboka. Umuhire aliijua mikono ile. Alijua inavyokuwa inapofanya kazi kweli, na inavyokuwa inapokimbia jambo.

"Wasiende Jumapili hii?" aliuliza. "Ama wasiende kabisa?"

"Kabisa."

Umuhire aliketi kwenye ukingo wa mtumbwi uliokuwa umevutwa nchi kavu. Alikuwa ametoka kazini mjini, bado amevaa viatu vya ofisini, na minibasi iliyomleta ilikuwa ingali ikipiga honi kule juu barabarani. Upepo ulileta harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia. Siku nyingine zote harufu hiyo ilimwambia kwamba amefika kwa mpenzi wake. Leo ilimchafua moyo.

"Nimefanya nini, Eli?"

Hapo ndipo alipomtazama. Eliezer alikuwa na macho mapole, macho ya mtu aliyezoea kuangalia mbali gizani akitafuta taa za wenzake majini, na Umuhire alikuwa ameyapenda kabla hata hajalijua jina lake. Leo yalikuwa yameumia.

"Kweli hujui? Rubona yote inajua. Kila Jumamosi unakuja kuniona, unakuta nimelala sababu nimetoka ziwani asubuhi. Mi nafikiri unaningojea kwa kivuli. Kumbe unapita nyumba kwa nyumba! Unauliza bibi wazee: batu ya hapa walitoka wapi, mama ya nani aliolewa kutoka wapi, nani alivuka ziwa, alikuja na nini." Alivuta uzi mmoja wa wavu. "Mama anasema unapeleleza familia yetu."

Kwa mara ya kwanza Umuhire alijiona jinsi watu wa Rubona walivyomwona, na uso ukamwaka.

Maana desturi aliijua. Kabla ya kijana kuoa, familia yake hutuma mtu mmoja au wawili, kimyakimya, wakaulize habari za msichana. Ni wa nani? Mama yake alitoka kwa akina nani? Ni watu wa namna gani? Huko ndiko kurambagiza, na ni kazi ya upande wa mwanamume. Haijasikika msichana akavaa viatu vya ofisini, akapanda minibasi, akaenda mwenyewe kuwapeleleza wakwe zake mchana kweupe, tena kwa kuwauliza majirani.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Mi nilikuwa nauliza butega, vile vikuku vya zamani tu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nakujua we. Mutu mwingine akipendwa anaomba maua. We uliniuliza kama babu yangu alikuwa na mutumbwi wa muti gani." Nusu ya tabasamu ilimjia, ikapotea. "Lakini Mama hakujui. Kwake, mutu akiuliza nyanya yako alikuwa nani, iko sababu moja tu. Na Mama, ukimuuliza zamani, anafunga mulango. Hata sisi watoto wake."

"Nitamweleza."

"Hapana. Usiende kwake. Ataona unaongeza kosa." Aliuacha wavu, akaja akachuchumaa mbele yake, asimguse, kwa kuwa wenzake walikuwa karibu. "Unajua kinachoniuma? Tangu nimetaja jina lako pale nyumbani, Mama hajaniuliza swali hata moja. Hajauliza we ni binti ya nani. Mama ambaye hataki hata kujua, Umuhire, ni mama ambaye amekwisha kukataa."

Kulikuwa na mchezo kati yao. Jioni, kabla mitumbwi haijasukumwa majini, Umuhire humwuliza, "Ungepewa kuchagua, ungeishi wakati gani?" Umuhire mwenyewe kila wiki alikuwa na wakati mpya wa kupenda, lakini Eliezer alijibu neno moja siku zote: kesho. Kesho tutajenga. Kesho nitakuwa na ekipe yangu mwenyewe, mitumbwi yangu na wavuvi wangu. Kesho utakuwa kwangu.

Leo Umuhire hakuuliza. Wavuvi walimwita Eliezer kwa mluzi, akaondoka. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ilianza kusogea, na wimbo wa kupiga makasia ukapanda juu ya maji. Sauti moja ilikosekana katika wimbo huo. Umuhire alijua ni ya nani.

*

"We uko na akili ya vitabu, ya watu huna," alisema Tantine Epiphanie.

Tantine alikuwa shangazi yake, dada wa marehemu baba, mwuza vitenge katika soko la Gisenyi. Ndiye aliyemlea tangu familia ivuke mpaka kutoka Goma, Umuhire akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikuwa anakunja vitenge vyake kitandani, na kila alipokasirika alikikunja kimoja upya.

"Mi sikutaka huyu muvuvi, unakumbuka? Nilisema, mutoto wetu anafanya kazi ofisi ya bima, iko kiyoyozi, ataolewa na harufu ya samaki? Ukalia. Nikasema bon, moyo ni moyo. Nikanunua sahani mupya sababu ya wageni wa Jumapili. Na sasa wao ndio wanatukataa sisi? Wao?"

"Hawatukatai sisi, Tantine. Wananikataa mimi."

"Sababu ya vikuku!"

"Sababu ya vikuku."

Tantine alikaa juu ya vitenge vilivyokunjwa. "Hebu nielezee mara moja tu, polepole, kama mutu anaelezea mujinga. Hivyo vikuku viko na nini?"

Ingekuwa rahisi kama Umuhire angejua kueleza. Utotoni aliipenda Misri ya mafarao, kwa sababu kitabu pekee cha nyumbani kilikuwa cha Misri, tena hakina jalada wala mwisho, hata leo alikuwa hajui kwa hakika malkia wa kitabu hicho aliishia wapi. Sekondari alihamia kwa wafalme wa Mali na misafara yao ya dhahabu. Zote zilikuwa zamani za mbali, zamani za watu wengine, naye alizipenda kama mtu anavyompenda mwimbaji asiyepata kumwona. Kisha siku moja bibi mzee mmoja wa Rubona alikuja ofisini kwao kuuliza habari za bima ya mjukuu wake, na katika kungoja alisema tu, kama mtu anayejisemea, kwamba bibi yake alikuwa anasikika kabla hajaonekana, kwa mchakacho wa butega miguuni.

Umuhire aliiacha kompyuta ikajizima.

"Vilisukwa kwa nyuzi za mimea, Tantine," alisema sasa. "Vyembamba kama uzi wa kiatu. Vilisukwa kwenye milima ya ng'ambo ya ziwa, vikavushwa na mitumbwi mpaka huku. Wanawake walivivaa miguuni, vingi, vingi, kutoka kifundo mpaka karibu na goti. Na ukiwa navyo ulikuwa unanunua maharage, unanunua mbuzi. Pesa yao ilikuwa ni kitu ambacho mwanamke anavaa akapendeza. Na ziwa hili, ambalo sisi tunaliona mwisho wa nchi, kwao lilikuwa katikati. Nikifikiri hivyo najisikia... sijui. Mi nilizaliwa upande ule, nikakulia upande huu, watu wananiuliza niko wa wapi. Wakati ule ningejibu: niko wa ziwa."

Tantine, kwa sauti iliyopungua ukali, akasema, "Disi, masikini. Na haya yote ulimwambia mama wa kijana?"

"Hapana. Sijawahi kuongea naye zaidi ya salamu."

"Basi anakujua kwa midomo ya majirani tu." Tantine alichukua kitenge kimoja, akakikunjua badala ya kukikunja. "Desturi inasema niende mimi, nipige magoti niombe musamaha. Na nitaenda, ukisema. Lakini mi nikienda nitaomba musamaha ya kosa ambalo hukufanya. Unataka?"

Umuhire alitikisa kichwa.

"Nami nilifikiri hivyo," alisema Tantine.

*

Mama Languida, mama yake Eliezer, hakupatikana nyumbani kwake Jumamosi asubuhi. Baada ya kuwapokea wavuvi na kuwagawia wachuuzi sambaza, alikwenda zake kwenye maji moto, zile chemchemi zinazochemka ukingoni mwa ziwa, kuyakanda magoti yake. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyethubutu kumfuata huko kwa shida zake.

Umuhire alimkuta ameketi juu ya jiwe, kanga imekunjwa juu ya magoti, miguu ndani ya maji yanayotoa mvuke. Kando yake, mahali maji yanapotoka ardhini kwa hasira, mfuko wa wavu uliojaa viazi vitamu ulikuwa unachemka.

"Mwaramutse, Mama."

Mama Languida aliinua uso. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mashavu ya ucheshi na macho ya kutocheka. "Wewe! Bibi wazee ya Rubona wamekwisha? Umefika kwa wale wa maji?"

"Nimekuja kwako, Mama. Eliezer alinikataza."

"Kwa hiyo husikii."

"Leo sikusikia."

Jibu lile halikutarajiwa. Mama Languida alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Vua hivyo viatu. Mutu hasimami juu yangu kama polisi. Kaa, tia miguu, sema upesi, viazi vyangu vinaiva."

Umuhire alivua, akaketi, akaingiza miguu, na maji yakamchoma hata machozi yakamtoka. Hakuitoa miguu.

"Sikuja kupeleleza, Mama. Nilikuwa nauliza mambo ya zamani kwa sababu nayapenda. Sikufikiri itaonekanaje. Hilo ndilo kosa langu, na ninakuomba unisamehe. Lakini sikutafuta aibu ya mtu yeyote. Ningetaka kujua familia ya Eliezer ningemwuliza..."

"Ni nini hicho?"

Mama Languida hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaangalia ndani ya maji, kwenye kifundo cha mguu wa kushoto wa Umuhire.

Umuhire alikuwa amekisahau. Kilikuwa kikuku chembamba cha nyuzi, alichokisuka mwenyewe jioni moja kwa kufuata maelezo ya yule bibi wa ofisini. Alikivaa kila siku akishaoga, chini ya soksi au suruali, siri ndogo kati yake na zamani. Sasa kilikuwa kimelowa, kimevimba, na kilikuwa kinajifungua chenyewe, nyuzi zikielea kama ndevu.

"Butega," alisema kwa aibu. "Nilijaribu."

"Aibu gani hii! Huyo aliyekufundisha alikuwa kipofu?" Mama Languida aliinama, magoti yasiyokunjika yakakunjika, akaushika mguu wa Umuhire kama mtu anavyoshika samaki, akauweka juu ya paja lake. "Tazama. Umepitisha juu kutoka kulia. Ukipitisha kulia, ikikutana na maji inafunguka. Wale watu waliishi kwa maji, mutoto! Wangesuka kitu inaogopa maji? Inapita kushoto, chini, inarudi inajiuma mukia. Hivi. Hivi. Halafu unakaza na meno."

Vidole vyake vinene vilikwenda mbio, bila kutafuta, kama vidole vinavyosali rozari. Nyuzi zilishikana. Kikuku kikarudi kuwa kikuku, chembamba na kigumu, kizuri kuliko kilivyokuwa.

Kisha vidole vilisimama.

Mvuke ulipita kati yao. Mahali fulani nyuma ya miamba mtu alicheka, akapiga maji. Maswali yalimjaa Umuhire kifuani, yote aliyokuwa akiyapeleka nyumba kwa nyumba, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliyaacha huko huko.

"Huniulizi?" alisema Mama Languida, bado ameushika mguu.

"Hapana, Mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Mama hakutaka."

Mama Languida alipumua kwa kishindo. Aliangalia ziwani, upande wa kusini, ambako hewa ikiwa safi mtu akisimama mlimani huweza kuona kisiwa kimelala.

"Mama yangu alizaliwa kule," alisema. "Ijwi. Alivuka na kasia na kikapu, akaolewa hapa. Mikono yake haikupumuzika hata akiongea na wageni; alikuwa anasuka tu, kama vile bibi yake alimufundisha. Na mi nikasuka, mutoto anafuata mama." Alizungusha vidole majini. "Siku yangu ya kuombwa, mi niko ndani, nyuma ya pazia, nimepambwa. Musemaji ya upande wa bwana anauliza watu wa mama yangu ni nani. Muzee wetu anajibu. Yule akasema, ah, wale wa kisiwa? Wale ambao ng'ombe yao ni kasia? Bon, ni mizaha, siku ile kila mutu anafanya mizaha. Watu walicheka sana. Mi nilisikia mama yangu hakucheka."

"Mama..."

"Ngoja. Tangu siku ile nilisema sisi ni wa hapa. Tulikuwa wa hapa siku zote. Watoto wangu hawajui. Halafu unakuja we, na sauti yako ya pole, unauliza Rubona: nani alivuka, alikuja na nini? Alikuja na kasia! Nilifikiri: huyu anataka Jumapili familia yake icheke pia."

Umuhire alihisi moto umempanda, lakini haukuwa wa maji.

"Kucheka?" alisema. "Mama, unajua watu wa kasia walikuwa nani? Samahani, nitakuuliza hilo moja. Butega zikivuka zilipita kwao. Kisiwa kile kilikuwa katikati ya soko lote! Mwanamke wa huku alikuwa anasimama ukingoni, anangoja. Anangoja nani? Mtu mwenye ng'ombe? Anamngoja mtu mwenye kasia! Asipokuja hakuna vikuku, hakuna uzuri, hakuna hata sherehe. Mi nikiulizwa ningetaka kuishi wakati gani, kwa nyakati zote, tangu mafarao, nasema wakati ule. Wakati wa mama wa bibi yako. Nimezunguka Rubona nzima namtafuta mtu mmoja ambaye mikono yake bado inakumbuka. Mmoja tu! Na wewe ulikuwa hapa, unachemsha viazi!"

Alisikia sauti yake imepanda, akakumbuka yuko mbele ya nani. Akafunika mdomo.

Mama Languida alimkazia macho. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, halafu mabega. Ilichukua muda Umuhire kuelewa kwamba anacheka.

"Unachemsha viazi," alirudia, akijifuta macho. "Yewe! Eliezer alisema, Mama, yule ukimuona anaongea zamani utafikiri anaongea habari ya ndugu yake. Nikasema ujinga." Alirudisha mguu wa Umuhire majini, taratibu kuliko alivyouchukua. "Wale wote wamekufa, unajua. Hawatakushukuru."

"Najua, Mama."

"Bon. Mi nakushukuru kwa niaba yao."

Hapo mtu alionekana akiteremka kwenye njia ya mawe, anakimbia, suruali imekunjwa, usingizi ungali usoni. Eliezer. Alikuwa amesikia kwamba Umuhire ameonekana akielekea kwenye maji moto, akaacha kitanda. Alisimama ghafla alipowaona wamekaa bega kwa bega, miguu minne ndani ya maji mamoja, akawaangalia kama mtu aliyekuja kuzima moto akakuta ni wa kupikia.

"Mama," alisema. "Umuhire. Kuna... mambo iko muzuri?"

"Viazi havina chumvi," alisema mama yake. "Nenda nyumbani ulete."

"Chumvi?"

"Kwani nimesema Kifaransa? Nenda. Ukirudi nitakuambia kitu ambacho hujui, na utakaa kimya mpaka nimalize."

Eliezer alimtazama Umuhire. Umuhire aliinua mguu wake wa kushoto kidogo tu kutoka majini, maji yakachuruzika kwenye kikuku, na kikuku hakikufunguka. Hakujua kama Eliezer alielewa. Lakini kitu kilirudi machoni mwake, akageuka, akapanda njia ya mawe mbiombio, na kabla hajapotea nyuma ya mwamba sauti yake ilisikika ikiimba ule wimbo wa kasia.

Mama Languida aliopoa mfuko wa viazi kwa kijiti. Alichagua kimoja, kikubwa, akakirusha kutoka kiganja kimoja hadi kingine mpaka kilipopoa kidogo, akakiweka mikononi mwa Umuhire. Akajifunga kanga vizuri. Akakaa wima, kama mtu aliyeko sebuleni mwake, mbele ya wageni.

"Sasa," alisema. "We ni binti ya nani?"

Umuhire alikuwa na majibu ya mafarao, na ya wafalme wa Mali. Lakini swali lile, swali alilokuwa amelingoja wiki zote hizo bila kujua jinsi anavyolingoja, lilitaka jibu lake mwenyewe. Kiazi kilimchoma viganja. Alikishika vivyo hivyo.

"Mi ni binti wa Nkusi, Mama," alianza, machozi yakimtiririka bila haya. "Marehemu Nkusi, aliyekuwa anafanya biashara Goma, ambaye..."

Mama Languida aliinua kidole.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Anzia nyuma zaidi."